Njia Uliyoiruka, Mama Mdogo

Quebrada Larga, Intibucá
11 Januari 2004

Kwako mama mdogo Polita,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Natumaini u mzima na miguu imeacha kuvimba. Sisi hatujambo, tukiondoa kikohozi cha Antonio ambacho huja na ukungu na kuondoka nao. Yeni ataanza darasa la pili mwezi ujao. Marisela ametimiza miezi sita, ana meno mawili, na akinyonya ananing'ata kama ana kesi na mimi. Mama mkwe wangu, doña Eduviges, anakusalimu. Neftalí yuko kusini kwenye mavuno ya miwa. Anarudi kila Jumamosi ya pili akinuka moshi na sukari, anakula, analala, halafu anaondoka.

Nakuandikia jambo ambalo siwezi kumwuliza mtu wa hapa, na marehemu mama hayupo nimwulize. Siku zangu zimerudi. Nilipoiona damu nilikaa kwenye kigogo nje ya jiko nikashindwa kuinuka. Unakumbuka alichosema daktari nilipopata kile kifafa cha mimba kwa Marisela. Alikuwa ananawa mikono, akasema taratibu, "Delmi, ukibeba nyingine, hawa watatu utawaachia watu wengine wawalee." Mimi nilikuwa bado nimelewa dawa. Nikadhani anaongea na mwanamke wa kitanda cha pili, nikamwonea huruma.

Promota wa afya alikuja Desemba, akapanga vitu vyake juu ya meza ya shule kimoja kimoja kama muuza vipuli. Tangu hapo, pale kijitoni tunapofulia hakuna habari nyingine.

"Mimi nachomwa sindano," anasema Reina. "Miezi mitatu sina wasiwasi. Ila nimenenepa, mume wangu anasema amepata wake wawili kwa harusi moja."

"Afadhali wewe," anasema Dilcia. "Mimi vidonge nilimeza vizuri kabisa, nikasahau siku za sikukuu ya mtakatifu wetu tu. Sikukuu yenyewe ndiyo hii hapa mgongoni."

"Na kitanzi?" anauliza Reina.

"Kitanzi kinapanda mpaka kwenye moyo."

"Nani kakwambia?"

"Binamu ya shemeji yangu yalimkuta."

"Basi huyo binamu ya shemeji yako moyo wake uko mahali pa ajabu."

Tunacheka mpaka nguo zinachukuliwa na maji. Lakini nikirudi nyumbani nacheka peke yangu na kicheko hakiendi mbali. Ninaogopa, mama mdogo. Asubuhi nikifungua mlango na ukungu umefika kizingitini, najiona bado niko kule nilikokwenda dakika zile za kifafa: weupe mtupu, hakuna sauti, hakuna mtu. Sikuumia kule. Hilo ndilo linalonitisha, kwamba palikuwa pazuri.

Wewe uko kwenye kliniki ya wanawake kila siku. Niambie, ungekuwa mimi ungechukua ipi? Mimi natamani zile shanga za kuhesabia siku, kwa sababu haziingii mwilini. Mwili wangu umeshaingiliwa na vitu vingi mno.

Mwanao,
Delmi


San Pedro Sula
24 Januari 2004

Delmi mwanangu,

Barua yako imenifikia ikinuka moshi wa kuni, nikaipeleka puani kabla ya machoni. Mimi ni mzima. Miguu inavimba kwa sababu ya joto la huku, ila bado inanibeba. Nibusie watoto wote, na umwambie huyo mwenye meno mawili kwamba kesi yake nitakuja kuisikiliza mwenyewe.

Sasa tuongee. Mimi si nesi, mimi nashika dekio. Lakini pazia la chumba cha ushauri ni jembamba, na miaka kumi na moja ya kudeki nyuma yake imenifundisha. Nilipopata barua yako nilimfuata nesi mkuu pia, nikamwuliza kana kwamba naulizia jirani. Akasema, "Huyo jirani yako unampenda sana, Polita."

Vidonge vya kawaida, vile vyenye dawa mbili ndani, viache kabisa. Mtu ambaye presha yake iliwahi kupanda hivyo hapewi. Sindano inaweza kukufaa, lakini upimwe presha kwanza, na ujue hedhi itavurugika: wengine inatoka matone matone kama bomba bovu, wengine inapotea na wao wanapotea nayo kwa wasiwasi. Vijiti vya mkononi vinakaa miaka. Huku vipo, huko kwenu sidhani. Kitanzi hakipandi moyoni wala kooni, Delmi, kinakaa pale kilipowekwa kama kuku anayelalia mayai. Miezi ya mwanzo damu ni nyingi na tumbo linakata, halafu mwili unazoea, na unakaa nacho miaka kumi. Kondomu ni nzuri ikiwa mwanamume anaivaa. Ikikaa mfukoni mwake haimzuii mtu yeyote.

Shanga. Ni nzuri kwa mwanamke ambaye siku zake zinakuja kwa mpangilio, na ambaye hesabu ikimponyoka atasema basi, tumepata mtoto mwingine, karibu mtoto. Wewe si huyo mwanamke. Isitoshe unanyonyesha, siku zako bado hazijatulia. Hesabu ikikuponyoka wewe, tutakuzika. Naandika hivi kwa makusudi, ili usome mara mbili.

Chukua kitanzi, au njoo huku uwekewe vijiti. Nina kitanda kimoja, tutalala mzungu wa nne.

Mama yako mdogo,
Polita


Quebrada Larga
22 Februari 2004

Mama mdogo mpendwa,

Salamu zako zote zimefika na zimegawiwa. Hatujambo. Viazi vimekubali mwaka huu. Antonio hakohoi tena.

Utanigombeza, nimejiandaa. Nimechukua shanga. Nilimdanganya promota kwamba siku zangu zimeshakaa sawa, naye akaamini kwa sababu alikuwa na haraka ya kuwahi gari la stroberi, lilelile linalobeba barua zetu.

Nikueleze zilivyo. Ni mkufu wa shanga thelathini na mbili. Moja nyekundu, hiyo ni siku damu inapoanza. Zinafuata za kahawia, siku salama. Halafu nyeupe kumi na mbili, siku ambazo mume na mke wanatakiwa kuheshimiana. Halafu za kahawia tena mpaka mwisho. Kuna kipete cha mpira, kila asubuhi unakisogeza shanga moja mbele. Basi. Haina kuchomwa wala kuingizwa chochote.

Na hizo nyeupe zinawaka gizani, mama mdogo! Chumba chetu hakina dirisha, unajua. Mchana nikifunga mlango nimnyonyeshe Marisela, zinaonekana pale kwenye msumari, kijani hafifu, hazimulikii kitu chochote, zipo tu. Mtoto anaacha ziwa anazitazama. Tunakaa hivyo mimi na yeye, sijui kwa muda gani. Ndizo saa pekee ambazo siogopi.

Neftalí mwanzoni alizicheka. Sasa akifika Jumamosi, hata kofia hajavua, anachungulia msumarini. "Leo kukoje huko?" Nikimwambia nyeupe, anapiga ishara ya msalaba, anakwenda kulala kwa mama yake na Antonio. Ni mtu mwema. Wenzake wangeng'oa huo msumari.

Kuna jambo nataka kukuuliza. Kwenye barua yako umepitia njia zote, moja umeiruka. Operesheni. Dilcia anasema dada yake alifungwa uzazi na siku ya tatu alikuwa anasaga mahindi. Wewe hukuiandikia hata mstari mmoja, na kusahau si kawaida yako. Kwa nini?

Mwanao,
Delmi


San Pedro Sula
6 Machi 2004

Delmi,

Natumaini mko wazima. Mimi niko salama.

Nimekasirika. Kumdanganya promota ni kujidanganya mwenyewe, na mtu mzima anayetazama shanga zinazowaka kama mtoto wa miezi saba anahitaji kuamshwa. Nenda La Esperanza ukawekewe kitanzi. Nimekutumia kitambaa cha gauni la Yeni na sabuni sita.

Hilo la mwisho uliloniuliza, tuliache.

Polita


Quebrada Larga
12 Aprili 2004, Jumatatu ya Pasaka

Mama mdogo,

Natumaini umesherehekea Pasaka kwa amani. Mimi sina amani, na salamu za leo nitazifupisha, unisamehe.

Tarehe 28 Machi Marisela alishikwa na kichomi. Nilimkimbiza hospitali La Esperanza, na kwa haraka ile nikamwambia mama mkwe, "Mama, kila asubuhi nisogezee hicho kipete shanga moja, usisahau." Sikumweleza ni cha nini. Niliona haya. Yeye ni mtu wa jumuiya, rozari yake imelainika kwa kushikwa, ningeanzia wapi?

Kule hospitali taa haizimwi. Nilikaa kwenye kiti nikimtazama mtoto kifua kinavyopanda na kushuka, na siku zikakosa mipaka. Niliota nikiwa macho. Niliona ukungu wa kwetu unaingia wodini kwa chini ya mlango, na wauguzi wanatembea ndani yake bila miguu. Tulipotoka ilikuwa Jumatatu ya wiki ya Mateso, mtoto mzima, na Neftalí ameshafika nyumbani kwa mapumziko ya wiki nzima.

Nikatazama msumari. Kipete kilikuwa kwenye kahawia, kimeshavuka nyeupe zote.

Mama mdogo, nilijua. Kuna mahali fulani ndani yangu palijua kwamba haiwezekani, kwamba sikukaa hospitali siku kumi na sita. Lakini kalenda ya ukutani ni ya mwaka jana, kichwa kilikuwa kizito, mtoto wangu alikuwa hai, na mume wangu alikuwa ameoga na kunikalia karibu. Nilitaka iwe kahawia. Sikuhesabu. Jumatatu, Jumanne na Jumatano hatukuhesabu. Alhamisi na Ijumaa Kuu hatukugusana, unajua wanavyosema kwamba wanaofanya Ijumaa Kuu hugandana wasiachanishwe. Jumamosi tukarudia.

Jana baada ya misa mama mkwe ananiambia, anatabasamu mno: "Binti, nadhiri yako nimeitimiza kuliko ulivyoniomba."

"Nadhiri gani, mama?"

"Si ile rozari yako ya hija ya Esquipulas? Niliona inavyowaka nikajua imebarikiwa, siyo zile za sokoni. Wewe uliniambia shanga moja kwa siku. Mimi nikasema, mtoto yuko hoi, moja haitoshi. Nimesali asubuhi na jioni. Moja ya Marisela, moja yako."

Shanga mbili kwa siku, siku nane. Aliniombea mbele ya siku zangu zote za hatari mpaka ng'ambo ya pili. Nilimkumbatia. Ningefanya nini? Mtoto amepona, na mikono yake inanuka mishumaa.

Kituo cha afya kimefungwa kwa sikukuu. Neftalí ameondoka alfajiri, sijamwambia. Watoto wanacheza uani na nawaona kama kupitia kioo cha chupa. Nasubiri. Nifanyeje?

Delmi


San Pedro Sula
18 Aprili 2004

Mwanangu Delmi,

Barua yako imenifikia jana. Kuna vidonge vya dharura vinavyomezwa ndani ya siku tano. Nilihesabu kwa vidole mara tatu, na kila mara zilikuwa zimepita. Kwa hiyo kaa, kunywa maji, wala usinyanyue magunia. Siku zikichelewa wiki moja, panda gari uje kwangu, usimwombe mtu ruhusa. Nesi mkuu nimemweleza, safari hii bila jirani.

Usimlaumu doña Eduviges. Na wewe usijilaumu sana. Wa kulaumiwa yupo, ni mimi, na leo nitakujibu ulichoniuliza Februari.

Mwaka 1978 nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Wewe ulikuwa hujazaliwa. Nilibeba mimba miezi tisa, jina tayari nilikuwa nalo, Amparo. Alitoka bila kulia. Wakaniambia lazima wasafishe tumbo, wakanichoma dawa ya usingizi. Ulikuwa usingizi mtamu kuliko wote niliowahi kulala. Niliota nakata mahindi mabichi katika shamba la babu yako, na kila hindi nililomenya lilikuwa na nywele nyeusi laini, za mtoto, nami nikawa nazichana kwa vidole.

Nilipoamka kulikuwa na mshono ambao sikuutarajia. Nesi mmoja akanirekebishia shuka akasema, "Umeshafungwa, binti. Daktari ameona ni vizuri kwako." Nikauliza, nimefungwa nini? Akanitazama kwa huruma, akaenda kitanda kinachofuata.

Hakuna aliyeniuliza. Rutilio mume wangu hawakumwuliza pia, ingawa kwa miaka mitatu alidhani mimi ndiye niliyeomba. Halafu akaondoka. Ninyi nyote mlisema Polita anapenda mji, Polita hapendi watoto. Niliwaacha mseme. Ilikuwa rahisi kuliko kueleza.

Ndiyo maana sindano naweza kuilinganisha na kitanzi, na kitanzi na kijiti, lakini hiyo nyingine ulimi wangu unakwama. Mimi niliingia humo nikiwa usingizini. Nyuma ya pazia nimesikia wanawake wengi wakiiomba, wakacheka, wakasaini, wakarudi nyumbani na mioyo myepesi, nami nikawaonea wivu. Si wivu wa kutozaa. Niliona wivu kwamba wao waliulizwa.

Operesheni ni njia nzuri, Delmi. Kwa mwanamke mwenye watoto anaowataka, ambaye mimba ni kifo kwake, naye mwenyewe amesema ndiyo, huenda hakuna nzuri kuliko hiyo. Hairudi nyuma, lazima ulijue hilo kabla. Ningekuandikia mistari hii Januari, pengine usingekuwa unasubiri sasa. Nilikuficha njia yako kwa sababu ya kidonda changu. Nisamehe.

Andika upesi.

Mama yako mdogo,
Polita


San Pedro Sula
27 Aprili 2004

Delmi,

Sijapata jibu. Nimekwenda stendi mara mbili kuulizia dereva wa stroberi, anasema hakupewa kitu. Nadeki sakafu ileile, wenzangu wananiambia sehemu hiyo nimeshaipita. Leo mwanamke mmoja aliingia na mimba kubwa, ana uso kama wako, nikadondosha ndoo.

Hata kama ni neno moja, liandike.

Polita


Quebrada Larga
2 Mei 2004

Mama mdogo wangu,

Imekuja.

Nilishindwa kukuandikia kwa sababu mkono ulikataa. Siku zilichelewa siku nane. Siku hizo nane nilizunguka nyumbani nikigusa vitu. Nilimsuka Yeni kila asubuhi hata kama nywele zilikuwa bado zimesukwa. Nilimfundisha Antonio kuwasha moto bila kujiunguza, na mama mkwe akauliza haraka ya nini. Sikulia. Nilikuwa kama mtu anayefunga mizigo ndani ya ndoto, anajua gari limeshapiga honi.

Alhamisi asubuhi nilikuwa natandaza tortila ya mahindi kwenye kikaango, nikahisi joto mguuni. Nikatazama. Nikaacha tortila ikaungua, nikaketi palepale majivuni nikalia kwa sauti mpaka mbwa akakimbia. Doña Eduviges akaja mbio, akadhani ni mtoto. Nikamwambia yote, mama mdogo. Yote: daktari, shanga, nyeupe, kahawia.

Akaiondoa kwanza ile tortila iliyoungua kikaangoni. Halafu akasema, "Kwa hiyo Kwaresima nzima nimemwomba Bikira Maria kwa ratiba ya kitanda chenu?"

"Ndiyo, mama."

"Na jumuiya nzima nimewabusisha hizo shanga!"

Tulicheka, tukashikana, tukacheka tena mpaka akaanza kukohoa. Kisha akalia yeye. Akasema amezaa kumi na mmoja, watano wako makaburini, na katika wote kumi na mmoja hakuna aliyewahi kumwuliza kama amechoka. "Nilidhani swali hilo halipo," akasema.

Barua yako ya tarehe 18 niliisoma siku ileile jioni, nikaisoma tena mpaka mwanga ukaisha. Sina cha kukusamehe. Nataka tu ujue kwamba Amparo nimemtaja kwenye sala, pamoja na wale watano wa doña Eduviges.

Neftalí alikuja jana, mavuno yamekwisha. Nilimwambia mbele ya mama yake. Akawa mweupe kama unga. Baadaye akasema, "Kama ni kisu, nikatwe mimi. Promota alisema cha wanaume ni kidogo."

Mama yake akamwambia, "Wewe? Kuku akichinjwa unatoka nje."

"Nitafumba macho."

Alikuwa anasema kweli, mama mdogo, nilimwona. Nikampenda kuliko siku ya harusi. Lakini nimekataa, na nimemweleza kwa nini. Mwenye hukumu ya kifo ni mwili wangu. Neftalí akifa kwenye miwa, akipotelea huko kusini, au maisha yakitutenganisha, bado nitakuwa na mwili huuhuu. Nataka kinga yangu ikae kwangu. Kitanzi nimekifikiria pia, sikikatai kwa sababu ya moyo wala binamu ya shemeji. Nimekikataa kwa kuwa watoto nilio nao ndio ninaowataka, na nimechoka kuhesabu, iwe siku au miaka kumi.

Nataka kufungwa uzazi. Nimelisema kwa sauti jikoni, nimelisema kijitoni, Reina na Dilcia ni mashahidi. Najua hairudi nyuma.

Nitakuja hapo kwenye kliniki yako mwezi wa sita, watoto watabaki na doña Eduviges. Ombi langu ni moja. Wanasema watanipa dawa ya kusinzia. Mimi naogopa usingizi huo utanirudisha kwenye ule weupe. Ninaomba uniketie karibu na kichwa. Mimi nikilala, wewe usilale. Uwe umesikia nilichokubali, na uone kwamba wamefanya hicho tu. Najua nakuomba uingie chumba ambacho hutaki kukiona. Kama huwezi, sema, sitanung'unika.

Mwanao,
Delmi


San Pedro Sula, kliniki
12 Juni 2004, saa tano asubuhi

Delmi,

Nakuandikia ukiwa mbele yangu, umelala, mdomo wazi kidogo. Siulizi hali yako kwa sababu naiona. Presha yako ni nzuri, nesi ameipima sasa hivi. Mimi ni mzima, miguu iko juu ya kiti cha pili.

Nimekuandikia ili ukiamka usome mwenyewe yaliyotokea, usitegemee mtu akusimulie.

Uliingia saa tatu. Mimi nilivaa gauni la kijani na kofia kama wao, na nesi mkuu akasema, "Leo huna dekio, Polita, mikono yako hujui pa kuiweka." Nikaiweka begani kwako. Daktari ni mwanamke, kijana, ana kipini puani. Kabla ya kitu chochote akavuta kiti akakuuliza unafanyiwa nini leo. Ukamwambia. Akakuuliza kama kuna mtu amekulazimisha au amekuahidi kitu. Ukasema hapana. Akakueleza tena kwamba hairudi, kwamba bado unaweza kusema hapana, uende nyumbani, na hakuna atakayekukasirikia. Akakuuliza mara ya pili. Ukasema ndiyo. Ukasaini jina lako lote.

Tulipofika kitandani akakuuliza mara ya tatu, sindano ikiwa bado mezani. Ukacheka. "Ndiyo, jamani! Mbona mnaniuliza kama viziwi?"

Hapo niligeukia ukutani nikalia, Delmi. Daktari akadhani nakuogopea. Nilikuwa nasikia sauti yako ikisema ndiyo, imechoka, inacheka, haina shaka, na nilitaka waendelee kukuuliza siku nzima.

Kisha ulilala. Ulinishika kidole gumba, na baada ya muda mkono ukalegea. Niliangalia kila kitu. Nilidhani nitaanguka, sikuanguka. Wamefanya ulichosema, hawakugusa kingine. Ilichukua muda mfupi kuliko kupika maharagwe. Wakati wote ule nilikuhesabia pumzi kwa sauti ndogo, na hakuna aliyeninyamazisha.

Sasa umegeuza kichwa upande wangu na unatabasamu. Sijui uko wapi. Kama ni kule kwenye weupe, leo mtu yupo.

Neftalí yuko nje kwenye benchi, amekunja kofia mpaka imepoteza umbo. Nimemwambia umeshatoka salama, akanibusu mkono. Uji wako nimeufunika kwa sahani. Nimehesabu pumzi mia nne na kumi, na bado sijasinzia.

Mama yako,
Polita